Samaki mkubwa kwenye bwawa dogo: wa kurudisha na wa kukaanga

Kilomita kama 40 mashariki ya jiji la Atlanta, jimbo la Georgia nchini Marekani, kuna bwawa ambalo halina jina kwenye ramani. Watu wa mtaa ule wanaliita bwawa tu. Ukubwa wake ni kama viwanja viwili vya mpira, na wenyeji wanasema lilichimbwa kwa ajili ya kunywesha ng'ombe, kabla mashamba hayajakatwa viwanja na nyumba za mbao zenye gereji kuota kila upande. Mwisho mmoja kuna tuta la udongo lililopandwa nyasi, na karibu na tuta hilo limesimama bomba la kutolea maji ya ziada. Hapo ndipo penye kina. Mwisho wa pili, kijito kinapoingilia, maji hayafiki magotini.

Udongo wa Rockdale, ndilo jina la wilaya ile, ni mwekundu kama wa Lushoto. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi bwawa lina rangi ya chai ya maziwa. Zikipita siku tatu za jua, maji yanarudi kuwa ya kijani na unaona majani ya chini. Natangulia kusema hayo kwa sababu rangi ya maji ndiyo inayoamua uchukue chambo gani, na tutafika huko.

Kaka yangu anaishi hapo na mkewe na mtoto wao wa kiume wa miaka 11. Nilikwenda kuwasalimu mwezi Mei pamoja na mama yetu, aliyetoka Mwanza kwenda kumhudumia wifi, ambaye ujauzito wake ulikuwa umefika miezi saba. Kaka anafanya kazi ya usiku kwenye ghala la mizigo. Anarudi saa kumi na mbili asubuhi, anaoga, anakula, analala hadi saa tisa alasiri. Mtoto anarudi shule, anashika simu. Baba anaondoka. Kwa siku nzima hawa wawili wanakuwa macho pamoja kwa muda mfupi sana, na mwingi wa muda huo mmoja wao amechoka.

Kilichowaokoa ni kwamba samaki wanaoitwa besi hula alfajiri.

Besi mdomo mpana ndiye samaki rasmi wa jimbo la Georgia tangu mwaka 1970. Ni wa kijani, ana mstari mweusi unaokwenda ubavuni kutoka kichwani hadi mkiani, na mdomo wake ni mpana kiasi kwamba pembe ya taya inapita nyuma ya jicho. Mtu wa Mwanza akimtazama anamkumbuka sangara, na hata tabia zinafanana: anavizia, anafungua mdomo ghafla, anameza kitu kizima. Wakenya wanaosoma hapa wanamfahamu kutoka Naivasha, ambako alipelekwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920. Kule Georgia yuko kwao.

Watu wengi hudhani samaki mkubwa anataka maji makubwa. Historia ya Georgia inasema vingine. Tarehe 2 Juni 1932 kijana mkulima, George Perry, alivua besi wa ratili 22 na wakia 4, yaani kilo 10 na ushee, kwenye Montgomery Lake, ambalo licha ya kuitwa ziwa ni kipande cha maji kilichoachwa na mto Ocmulgee ulipobadili njia. Rekodi hiyo ya dunia haikufikiwa hadi tarehe 2 Julai 2009, Manabu Kurita alipovua samaki wa uzito unaokaribiana sana na huo katika ziwa Biwa, Japani. Kwa kuwa hakumzidi yule wa kwanza kwa wakia mbili zinazotakiwa na kanuni, rekodi wanagawana. Nilipomsimulia mama habari za Perry, swali lake lilikuwa moja: samaki yule alikwenda wapi? Nikamwambia aliliwa, ulikuwa wakati wa dhiki na nyumbani kwao kulikuwa na midomo ya kulisha. Mama akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Huyo ndiye mvuvi," akasema.

Kumbuka kauli hiyo, maana ndiyo iliyotuletea mjadala baadaye.

Kabla ya habari za chambo, niseme kuhusu maji yenyewe. Mtoto wa kaka hajui kuogelea, na baba yake ni mtu aliyekulia karibu na ziwa Victoria bila kujifunza, kama wengi wetu. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya bwawa lile ni koti la kuokolea, linafungwa vifungo vyote nyumbani, kabla mlango haujafunguliwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Huko Marekani, kuzama ndiko kunakoongoza kwa kuua watoto wa mwaka 1 hadi 4. Na anayezama hapigi kelele kama kwenye filamu, kwa sababu mdomo wake uko chini ya maji. Mabwawa ya kuchimbwa yana ubaya mwingine: ukingo unaonekana wa taratibu, kisha hatua moja mbele sakafu inakatika. Bwawa la kunyweshea mifugo kijijini kwenu liko hivyohivyo.

Mama aliuliza kuhusu kichocho. Swali zuri kwa mtu wa Mwanza. Kichocho cha binadamu hakiambukizwi katika mabwawa ya Marekani, na mamba wa Georgia wanakaa kusini ya jimbo, mbali na Atlanta. Nyoka wapo. Mtoto anavaa viatu vya kufunika na anatazama anapokanyaga, basi. Leseni ya kuvua haihitajiki kwa aliye chini ya miaka 16. Mimi mgeni niliikata kwenye simu kabla sijashika fimbo.

Sasa mbinu. Kaka yangu si mzungumzaji, ila mweke kando ya bwawa.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni kutofika majini. Tulisimama hatua kumi kutoka ukingoni, kwenye nyasi, na chambo cha kwanza kikatua karibu na miguu yetu wenyewe, si katikati. Kwenye bwawa dogo besi mkubwa mara nyingi analala pembeni kabisa usiku na alfajiri, kwenye maji ambayo hayamfuniki hata mgongo vizuri, akisubiri chura au samaki mdogo. Anayekuja anatembea kwa kishindo hadi ukingoni na kurusha mshipi mbali kadiri awezavyo, ameshamfukuza samaki aliyemfuata. Udongo unabeba mtetemo, na samaki anauhisi kwa mwili wake, kwenye ule mstari wa ubavuni. Kivuli chako nacho ni tatizo: jua likiwa nyuma yako, kinakwenda majini kabla yako.

Baada ya hapo tulirusha sambamba na ukingo, kushoto kisha kulia, tukisogea polepole. Mahali pa kupitisha chambo si pengi kwenye bwawa la namna ile. Kuna bomba la tuta. Kuna mti wa msonobari ulioangukia majini. Kuna zulia la majani yanayoelea kwenye kona ya mashariki. Kuna mdomo wa kijito, ambao ni mzuri siku iliyofuata mvua kwa sababu maji mapya yanaleta chakula. Kaka hapigi sehemu moja zaidi ya mara nne au tano. Kama hakuna kitu, anaiacha ipumzike hadi kesho. Ndiyo tofauti na ziwa: kwenye bwawa dogo samaki ni walewale, na kila unaporusha chambo kilekile mahali palepale unawafundisha.

Mtoto ndiye aliyeona jambo ambalo baba yake hakuliona. Kwenye maji mafupi ya upande wa kijito, chini kulikuwa na mashimo ya duara, kila moja ukubwa wa sinia, yamepangana kama sega la nyuki. Ni viota vya samaki bapa wadogo wanaoitwa blugili, ambao kwa umbo ukiwatazama haraka utadhani ni sato wachanga. Mei na Juni huko Georgia ndio msimu wao wa kutaga. Dume linakaa juu ya shimo na kulilinda, halitaki kuondoka, na besi mkubwa analijua hilo. Yeye alishamaliza kutaga mapema zaidi, maji yalipoanza kupata joto, na sasa ana njaa. Anazunguka pembezoni mwa mashimo yale, pale maji mafupi yanapoanza kuingia kwenye kina. "Shangazi," mtoto akaninong'oneza, "hapa ni kama kantini yake."

Kwa hiyo chambo. Duka la vifaa vya uvuvi la Marekani linatisha; kuna ukuta mzima wa vitu vinavyong'aa, na kaka anasema vingi vimetengenezwa kuvua wavuvi. Yeye ana kisanduku kimoja cha plastiki, ukubwa wa daftari, na ndani yake mna aina nne tu.

Anachokitumia zaidi ni mnyoo wa plastiki laini, mnene kama kalamu, usiowekwa chubwi hata kidogo. Ndoano inapita kichwani mwa mnyoo, kisha ncha inarudishwa na kufichwa mwilini ili isinase kwenye majani. Ukiutupa unazama polepole huku mikia yote miwili ikitikisika, na kazi yako ni kutofanya kazi. Unaacha. Unatazama mshipi ulipogusa maji. Ukiona unakwenda pembeni wenyewe, samaki ameshachukua. Kwa mtoto hiki ndicho chambo cha kuanzia: hakina kelele, hakinasi sana, na pakiti nzima ni chini ya dola 10. Lakini kinataka subira, na niliona jinsi mtoto aliyezoea kuteleza kidole kwenye kioo anavyoteseka kuacha kitu kizame kwa hesabu ya kumi.

Cha pili ni chura wa mpira mwenye tumbo tupu, ambaye ndoano zake zimelala mgongoni. Huyu ni wa zulia la majani peke yake. Anavutwa juu ya majani kwa kurukaruka, na besi anapasua zulia kutoka chini kwa kishindo kama mtu aliyetupa tofali. Kila mtu hushtuka na kuvuta papo hapo, na chura hurudi mtupu. Inabidi useme moyoni "moja, mbili", uhisi uzito, ndipo uvute kwa nguvu. Mshipi hapa uwe wa kusukwa, mnene, kwa sababu utamtoa samaki pamoja na kilo kadhaa za majani.

Cha tatu ni cha maji ya chai ya maziwa: waya uliopinda, upande mmoja vibati vinavyozunguka, upande wa pili ndoano yenye sketi ya mpira. Maji yakichafuka besi haoni mbali, anawinda kwa kuhisi, na vibati vile vinatetemesha maji. Rangi iwe nyeusi au ya giza, ambayo inaonekana kama kivuli. Maji yakiwa safi unarudi kwenye rangi za kweli, kijani na kahawia, zile za blugili na kamba wa mtoni. Watu hununua rangi kwa jinsi zinavyowapendeza wao.

Cha nne ni samaki bandia mwenye umbo la blugili, mpana kama kiganja cha mtu mzima. Hicho hakitumiki kila siku. Ni cha kumtafuta mmoja. Besi mkubwa hapendi kutoka mafichoni kwa kitu kidogo, hesabu haimlipi. Lakini ukikileta taratibu pembezoni mwa viota, kikipita karibu na chini, anaweza kuamua. Kwa siku kumi utapata wadogo sifuri kwa chambo hicho. Mtoto alikichukua akakiweka mfukoni kama mtu aliyeweka akiba.

Kuna kitu kingine kwenye kisanduku ambacho mimi kama mwandishi wa afya sikuweza kukinyamazia: chubwi. Nyingi zinazouzwa, kwao na kwetu, ni za risasi, ile metali laini ya kijivu. Vile vidogo vyenye ufa katikati, wavuvi wengi wanavibana kwenye mshipi kwa meno. Nimeona hivyo Georgia na nimeona hivyo Kirumba. Risasi mwilini inaharibu ubongo unaokua, na hakuna kiwango chake katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa ni salama. Bana kwa plaizi, nunua za chuma au bati zikipatikana, na mtoto anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula mkate wake wa asubuhi. Kisanduku cha uvuvi si mahali pa kuweka pipi.

Na ndoano: kaka anabonyeza kile kijino cha nyuma kwa plaizi hadi kilale. Samaki wachache watachomoka, sawa, lakini ikiingia kidoleni inatoka kwa urahisi. Kofia na miwani ni vya kila mtu anayesimama karibu na anayerusha. Ndoano ikiingia jichoni au karibu nalo, usiivute. Funika bila kubana, nenda hospitali. Ikiingia kwa kina mahali popote, muulize daktari kuhusu chanjo ya pepopunda.

Samaki mkubwa alipatikana siku ya Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu ukiwa bado juu ya maji. Baba bado alikuwa na fulana ya kazini. Mtoto alikuwa amesimama nyuma ya kichaka, upande wa viota, na samaki bandia wake wa mfukoni. Hakukuwa na kishindo. Mshipi ulikaza tu, fimbo ikapinda, na rili ikaanza kulia. Baba hakuigusa ile fimbo. Hilo nililitazama kwa makini kuliko samaki mwenyewe. Mikono yake ilikuwa inanyanyuka na kurudi, ila hakuigusa. Alikuwa akisema kwa sauti ya chini, "Mwache aende. Sasa vuta. Mwache. Inamisha fimbo, asiruke." Dakika nne hivi.

Sentimita 58. Mizani ndogo ya kaka ilisema kilo tatu na gramu mia moja. Tumbo lake lilikuwa jeupe na pana, na mdomo ungeweza kumeza ngumi ya mvuvi wake. Tulilowesha mikono kabla ya kumshika ili tusimtoe ute unaomkinga na magonjwa, na baba akamwonyesha mtoto kuweka mkono wa pili chini ya tumbo, kwa sababu samaki mzito akining'inizwa kwa taya pekee taya linaumia.

Mama alikuwa ameteremka na kikombe cha chai, amejifunga kanga. Alipomwona alipiga kigelegele. "Mume wangu ameleta kitoweo!" Aliniambia niweke maji jikoni, wifi atanywa supu ya kichwa leo, supu ya kichwa inaleta maziwa. Mtoto alikuwa anacheka huku anatetemeka. Kisha akaona baba yake anatembea kuelekea majini na samaki mkononi, uso ukabadilika. Wa mama ukabadilika zaidi. Kwetu mtu harudishi kitoweo ziwani. Anayefanya hivyo ama ameshiba sana ama haheshimu.

Ikabidi niseme, na nilisema nikiwa nimechuchumaa pembeni ya mama, si kwa kumsimamia. Nilimuuliza kama anakumbuka zebaki. "Ile ya wachimbaji wa Geita?" Hiyohiyo. Sehemu kubwa ya zebaki inayoingia kwenye maji ya Marekani inatoka angani, kwa mfano kwenye moshi wa makaa ya mawe, inateremka na mvua. Kwenye tope la chini vijidudu vinaibadilisha kuwa aina inayoingia mwilini mwa viumbe na kutotoka upesi. Kidogo kinakaa kwa mdudu. Blugili anakula wadudu wengi. Besi anakula blugili wengi, kwa miaka. Samaki yule huenda alikuwa na miaka karibu sawa na ya mvuvi wake, na alichokusanya kimo ndani ya minofu. Huwezi kukitoa kwa kuchuna ngozi, kwa ndimu wala kwa kuchemsha. Mama mjamzito akila, kinapita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na mahali kinapopenda kudhuru ni ubongo na mishipa ya fahamu.

Jimbo la Georgia hutoa mwongozo wa samaki wa kuliwa kwa kila ziwa na mto lililoupima, lakini bwawa la ng'ombe la Rockdale hakuna aliyelipima. Kwa maji ya namna hiyo ushauri wa mamlaka za chakula na mazingira za Marekani ni kula mlo mmoja tu kwa wiki, na wiki hiyo usile samaki mwingine. Mlo wa mtu mzima ni gramu 113. Wa mtoto wa miaka 4 hadi 7 ni nusu yake. Mvuvi wetu wa miaka 11 anahesabiwa kama mtu mzima, jambo lililompendeza.

Nisieleweke vibaya, maana kila nikiandika habari hizi kuna msomaji anayeamua kuwaondolea wajawazito samaki kabisa. Hapana. Samaki ana protini, madini joto na mafuta ambayo ubongo wa mtoto unayahitaji, na mjamzito anashauriwa kula milo miwili hadi mitatu kwa wiki ya samaki wenye zebaki kidogo. Sato, kambale, dagaa, wote wamo kwenye kundi hilo jema. Wa kuepuka ni mkubwa, mzee, mla wenzake, hasa kama maji yake hayajulikani.

Mama alinisikiliza hadi mwisho. Alimtazama yule samaki, ambaye kaka alikuwa amemshikilia majini, kichwa mbele, mapezi yakianza kufanya kazi tena. Kaka akasema kwa upole kwamba karibu kila besi wa ukubwa ule ni jike. Mama akanyamaza kidogo. "Basi muache akalee," akasema, kisha papo hapo, "lakini leo mimi napika nini?"

Hapo ndipo bwawa dogo lilipokuwa na jibu. Besi wanazaana kupita kiasi kwenye maji machache, wadogo wanamaliza chakula, wote wanadumaa, na watu wa uvuvi wa Georgia wenyewe wanahimiza wenye mabwawa kuvuna besi wadogo na kula. Wale wa sentimita 30 hivi hawajaishi muda wa kukusanya kitu kikubwa. Baba na mwana walirudi kwenye ule msonobari na pakiti ya minyoo, na kabla jua halijachoma walikuwa na watatu. Mama aliwaparua mwenyewe kwenye ngazi za nyuma, akalalamika kuwa hawana mafuta, akawatia chumvi, ndimu na kitunguu saumu, akakaanga. Wifi alipata sato wa dukani, wa nazi, mbali na sufuria ile. Mama anasema sato wa dukani Marekani hana ladha ya kitu chochote, na katika hilo sina ushauri wa kitaalamu wa kumpinga.

Kaka alilala saa nne siku hiyo badala ya saa mbili.

Mtoto ana daftari. Anaandika tarehe, saa, rangi ya maji, chambo, mahali, urefu. Safu ya mwisho aliipa kichwa "Alikwenda wapi". Kwa yule mkubwa aliandika: bwawani. Kwa wale watatu aliandika: bibi. Chini yake, kwa mwandiko wa shule za zamani, bibi ameongeza kwa kalamu nyekundu kwamba Jumamosi anahitaji wawili tena, wasizidi urefu wa mkono wake toka kiwiko hadi kiganja, na waletwe kabla ya saa tatu.